Goti la Dieumerci

Watu wa mtaa wa Kasenga, mjini Uvira, walikijua kicheko cha Mama Nyirabagenzi kabla ya kumjua mwenyewe. Kilianza chini kabisa tumboni, kama pikipiki iliyokataa kuwaka asubuhi, kikakohoa, kikatulia, kisha ghafla kikawaka na hakuna aliyeweza kukizima. Motari, wale wa pikipiki za abiria, waliopita barabarani walimjibu kwa honi.

Lakini miezi yake ya kwanza mjini hakucheka hata mara moja. Alikuwa mwanamke wa milimani, mjane, aliyekulia kati ya ng'ombe kule juu kwenye nyanda zinazoutazama mji wa Uvira. Alishuka akiwa mtu mzima kuja kukaa na binti yake Gwiza, mwenye saloni ya nywele. Joto la ziwa lilimchosha. Maziwa ya dukani aliyaonja mara moja, akalirudisha kopo mezani. "Hii ni maji imevaa nguo nyeupe," alisema. Na hakuwa na kazi. Mtu aliyezoea kuamka na kuhesabu mifugo sasa alikuwa akishinda kwenye benchi ya saloni, akimpangia binti yake nywele za bandia kwa rangi.

Juu ya kabati la mafuta na shampoo Gwiza alikuwa na televisheni ndogo, na kila Jumamosi alasiri palikuwa na mchezo wa kuchekesha kwa Kifaransa ambao wateja wake waliuita kwa Kiswahili Nyota ya Mchana. Ulihusu timu ya mpira ya jina hilo hilo, isiyojua kushinda. Uwanja wao ulikuwa na mteremko, jezi zao zilifupika kwa kufuliwa na maji ya moto, na rais wao, muuza mayai, alisimamisha mazoezi kila simu ya mteja ilipolia. Kocha alikuwa amefundisha kwaya maisha yake yote, kwa hiyo aliwapanga wachezaji kwa sauti: besi nyuma, tenor katikati, soprano mbele. Golini alisimama Dieumerci, kijana mrefu mwenye goti bovu, ambaye kila alipofungwa goli moja alimshukuru Mungu kwamba hayakuwa mawili.

Mara ya kwanza Mama Nyirabagenzi alitazama mgongo umenyooka, kama yuko kanisani. Kisha Dieumerci akatoka mbio kuufuata mpira wa juu, akaupita, akaendelea kukimbia, akaenda kukumbatia kibendera cha kona. Kitu kikakohoa tumboni mwa Mama. Kikatulia. Kikawaka. Fanny, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa akisukwa, alishtuka hadi kitana kikamchoma.

"Gwiza," Mama alisema akijifuta machozi, "uyu mutoto iko na mama?"

"Nani?"

"Uyu wa mu goli."

"Mama, ni mchezo tu. Bale ni ba-acteurs, banaigiza."

"Sikuuliza ile. Nauliza kama iko na mama wa kumukanda goti."

Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa na mwenyewe. Mama alifagia saloni tangu asubuhi, akapanga viti, na mchezo ulipoanza alimkalisha Gwiza karibu naye amtafsirie. Fanny alikuja nywele zikiwa zimeshasukwa, akijifanya zimelegea. Placide, motari, aliegesha pikipiki nje na kutazama kupitia dirishani, kofia ngumu ikiwa kichwani. Na Octave, kiongozi wa kwaya katika kanisa la Mama, aliingia siku moja kumtafuta mke wake, akaona kocha anavyowapanga besi, akakaa, na habari ya mke ikaishia hapo.

Tatizo lilikuwa kocha huyo.

"Bamufukuze!" Placide alipaaza sauti dirishani. "Muntu hajue hata hors-jeu, ile ya kuotea, ni nini!"

"Weye unajua nini ya kupanga batu?" Octave akageuka kwenye kiti. "Besi inakaa nyuma. Ukimuweka mbele, soprano hatasikika tena."

"Papa Octave, mpira haisikilizwe! Inapigwa!"

"Munyamaze kidogo," alisema Mama, na wakanyamaza. "Kwetu, ng'ombe ya pembe ndefu inalala karibu na mulango ya zizi. Uyu kocha ameweka ndama ku mulango, kisha anashangaa chui kuingia."

Octave alihesabu kitu kwa vidole. "Iyo ng'ombe ya pembe ndefu," aliuliza mwishowe, kwa heshima, "inaimba sauti gani?"

Hapo Fanny alianguka kutoka kwenye kiti, na hakuna aliyesikia jinsi mechi ile ilivyokwisha.

Msimu ulipokaribia mwisho, Nyota ya Mchana walikuwa mkiani. Ilibaki mechi moja. Wakitoka sare watabaki daraja la kwanza, wakifungwa watashuka. Na goti la Dieumerci lilikuwa limevimba kama papai. Mama hakulala vizuri. Jumapili kanisani, Pasteri André alipouliza kama kuna mwenye haja ya maombi, aliinuka akajifunga shuka lake vizuri.

"Bapendwa, tumukumbuke mutoto wetu Dieumerci. Goti yake imevimba, na siku ya posho, ile Jumamosi yetu, iko na kazi kubwa mbele ya batu mingi. Benzake bote banamutegemea."

Kanisa zima likaomba. Liliomba kwa nguvu, mikono juu, kwa Kiswahili na kwa Kinyamulenge cha milimani, na mzee mmoja aliyemkosa Dieumerci katika kumbukumbu zake alilia kwa uchungu zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Octave, mbele ya kwaya yake, alijua kila kitu. Angeweza kukohoa. Badala yake alifumba macho akaomba kuliko wote. Gwiza alikuwa ameinama chini ya benchi, kitambaa mdomoni, mabega yakiruka, na mama mmoja jirani akampapasa mgongo akidhani amezidiwa na huzuni.

Ibada ilipokwisha, Pasteri André alimngoja Mama mlangoni.

"Mama, uyu Dieumerci ni wa familia gani? Nitaenda kumutembelea."

"Pasteri, iko mu televisheni ya Gwiza," Mama alijibu bila kupepesa. "Anapatikana posho, saa kumi."

Waliokuwa nyuma yao walianza kushikana ili wasianguke. Pasteri alikunja uso.

"Mama Nyirabagenzi. Tumeombea muntu ambaye haiko?"

"Na ule mwana mupotevu wa mu Biblia, Pasteri? Ulishaona carte d'électeur yake, ile kadi ya kura? Lakini kila mwaka unamulilia mupaka tunakupa kitambaa."

Pasteri alitazama juu, akatazama viatu vyake. Kisha mabega yake nayo yakaanza kuruka kwa kicheko.

"Saa kumi, ulisema?"

Jumamosi ile saloni haikutosha. Nusu ya kanisa ilikuja. Waliokosa nafasi ndani walisimama na Placide dirishani, na Fanny, aliye Mkatoliki, alijipa kazi ya kuwapanga Waprotestanti. Pasteri André alifika akitoka kubariki ndoa, suti kamili, viatu vyeusi vyenye ncha vinavyong'aa. Alipewa kiti cha kuoshea nywele, kichwa chake kikiwa ndani ya beseni.

Nyota ya Mchana walifungwa goli moja mapema. Wakasawazisha kwa bahati: mpira ulimpiga mshambuliaji wao mgongoni wakati akifunga kiatu. Saloni ikalipuka. Watu wakakumbatiana, Pasteri akaimba haleluya ndani ya beseni, na katikati ya shangwe hiyo kioo kikawa cheusi.

Umeme ulikuwa umekwenda.

Kelele iliyotoka mle ndani iliwakimbiza bata wa jirani. Kila mtu alitazama balbu, kana kwamba ikitazamwa kwa pamoja itaona haya. Placide ndiye aliyekumbuka kaka yake Franck, mkulima wa mpunga kule Bwegera, ambaye televisheni yake ilitumia jua. Akampigia, akaweka sauti kubwa, akaingiza mkono na simu kupitia dirishani.

"Franck! Uko naangalia mechi?"

"Minye? Niko naangalia. Lakini sasa ni matangazo. Iko sabuni moja, inatoa povu mingi..."

"Achana na sabuni!" walipiga kelele wote.

"Muko bangapi uko?" Franck alishangaa. "Sawa, imerudi. Kocha amesimama. Anapiga mikono hivi."

"Hivi namna gani?" Octave aliuliza kwa hofu.

"Hivi!" alisema Franck, na bila shaka aliwaonyesha. "Ngoja. Ngoja kwanza. Arbitre amepiga filimbi. Eh! Yesu wangu. Ni penati. Banapiga kwa Dieumerci. Dakika imeisha, ni ile ya mwisho."

Mama alikuwa ameushika mkono wa Pasteri. "Muulize goti."

"Goti iko namna gani?" Placide akauliza.

"Amefunga kitambaa. Anaangalia juu. Ule mwengine anarudi nyuma... anakuja... anapiga... mpira ume..."

Simu ikakatika. Placide akapiga tena, na tena. Mtandao haukuwapo.

"Umeingia!" alisema mmoja.

"Umetoka!" Octave akaruka. "Minye nafundisha kuimba, najua sauti. Ile 'ume' ilikuwa inapanda. Kama umeingia, ingeshuka!"

"Pengine umepasuka," alisema Fanny.

Waligombana hadi jasho likawatoka. Mwishowe Mama Nyirabagenzi akasimama.

"Bon. Tuipige shiye wenyewe."

Wakatoka wote, msafara mzima, hadi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya maduka, wakaazima mpira kwa vijana waliokuwa wakicheza pale. Mawe mawili yakawa milingoti. Ilipoulizwa nani atakaa golini, Mama alikuwa tayari anajifunga kitenge cha pili kiunoni.

"Mama, hapana," alisema Gwiza.

"Dieumerci iko na goti moja ya kuuma. Minye zangu zinauma zote mbili. Nani hapa ananizidi?"

Hakuna aliyemzidi. Lakini pia hakuna aliyetaka kumpigia. Placide alisema hawezi kumfunga mwanamke anayemwita mwanangu. Octave alisema yeye ni mtu wa nadharia. Macho yote yakamwendea Pasteri André. Alikunja suruali, akamkabidhi Fanny koti lake, akaweka mpira chini kwa mikono miwili kama anaweka mtoto.

Akarudi nyuma. Akakimbia. Akapiga.

Kiatu kikaruka. Kilipaa juu, cheusi, kiking'aa katika jua la jioni, na Mama, ambaye jicho lake lilikuwa limefuata kitu kinachoenda kasi kuliko vyote, akaruka nacho. Aliruka kweli, miguu yote miwili iliacha ardhi, Gwiza ataapa. Akakidaka kiatu kifuani, akakibana, akapiga yowe la ushindi lililofika hadi barabara kuu.

Upande wa pili, mpira ulikuwa ukijiviringisha polepole, bila haraka yoyote, kuelekea golini.

"Mpira, Mama!" Fanny alilia. "Mpira!"

Mama akageuka, akauona, akapiga hatua kubwa, akaukalia.

Kisha Placide akalala chini kifudifudi, shavu kwenye vumbi, akatazama kati ya jiwe na jiwe, akakadiria, akafunga jicho moja.

"Iko juu ya mustari," alitangaza. "Haijaingia!"

Sijui nieleze vipi yaliyofuata. Kwaya iliimba bila kuambiwa, na besi walikuwa mbele. Pasteri alirukaruka kwa mguu mmoja, soksi imetoboka na kidole gumba kinachungulia, akicheka hadi akashindwa kudai kiatu chake. Vijana wenye mpira waliomba Mama ainuke ili waendelee kucheza, na hakuweza, kwa sababu kicheko kilikuwa kimemmaliza nguvu za miguu. Watu watatu walimvuta.

Marudio yalionyeshwa siku iliyofuata, baada ya ibada, umeme uliporudi. Walikaa wakatazama. Dieumerci akafunga kitambaa, akatazama juu, akaruka kushoto kwa uzuri wote wa kipa mkubwa. Mpira ulipita katikati, pale pale alipokuwa amesimama. Nyota ya Mchana walikuwa wameshuka daraja.

Octave alivua kofia. Fanny alisema kwake ilikuwa kama msiba. Gwiza alimtazama mama yake pembeni, akiogopa ule ukimya wa miezi ya kwanza.

"Timu ikishuka, inakufa?" Mama aliuliza.

"Hapana, Mama. Mwaka ujao itacheza ku division ya chini."

"Na kule, bale ba division ya chini, banajua kucheza?"

"Hapana sana."

"Kumbe!" Mama akapiga magoti yake kwa viganja. "Mutoto amepata batu ba saizi yake!" Na kicheko kikakohoa, kikatulia, kikawaka.

Basi mjadala ukaanza upya. Placide alitaka kocha aachwe huko huko daraja la kwanza. Octave alisema daraja la chini ndilo mahali pazuri pa kujaribu sauti ya nne, alto. Mama alichukua chupa za shampoo akazipanga sakafuni, ndefu nyuma karibu na mlango, na kila alipogeuka Octave alizihamisha. Giza lilipoanza kuingia walikuwa bado wameinama juu ya chupa zile, na Gwiza mwenyewe, aliyetetea rangi mpya ya jezi kwa ukali ambao hakuujua, alifunga saloni akiwa bado anabishana.

Kesho yake asubuhi alikuja Anne-Marie, mteja ambaye Gwiza alikuwa akimsuka mjadala ulipoanza, akamsahau kitini. Upande wa kulia wa kichwa chake ulikuwa umesukwa rasta safi, na wa kushoto ulikuwa umesimama wima. Alikuwa amekwenda hivyo nyumbani, amepika, amelala, amekwenda sokoni kununua mboga za lengalenga, na muuzaji ndiye aliyemwuliza kama huo ni mtindo.

"Maliza upande uyu," alimwambia Gwiza akikaa. "Lakini kwanza uniambie. Ile alto, banamuweka wapi?"