Bendera Aliyoikata Immaculée

Saa tatu asubuhi, Immaculée anapiga pasi kizibao cha mwisho huku akiimba. Cherehani yake iko nyuma ya duka la vyakula huko Erdington, Uingereza, kati ya magunia ya mchele na friji ya samaki. Hawezi kutulia. Leo anamkabidhi kazi mteja wake wa kwanza asiye Mkongomani, na ikimpendeza, mtaa mzima utamjua fundi huyu.

Mteja ni Mama Eudora, ajuza Mmarekani wa Charleston. Kwao, kila tarehe 28 Juni kengele hulia na watu huandamana, kukumbuka mwaka 1776 ngome ya magogo ilipozitimua manowari za Waingereza pwani. Yeye huisherehekea hapa hapa, nyumbani kwa waliopigwa, na majirani zake Waingereza huja kula keki bila kinyongo.

Alimletea Immaculée kitambaa kikubwa cha buluu na picha yenye mwezi mchanga mweupe. Basi. Fundi huyo mzaliwa wa Bukavu hakutaka maelezo zaidi.

"Kwetu, sherehe, fête, bila uniforme haiko fête," anamwambia mwenye duka. "Niliona ile picha, nikajua ni modèle. Nikakata."

Mama Eudora anaingia na Achieng, muuguzi Mkenya aliyewakutanisha. Immaculée anatandaza vizibao vya wageni wote, kila kimoja na mwezi kifuani, tabasamu hadi masikioni.

Ajuza anavitazama. Anachungulia chini ya meza.

"Immaculée," Achieng anauliza, "flag iko wapi?"

"Flag gani?"

"Haki! Alikuwa anataka flag moja kubwa. Umekata yote?"

"Mungu wangu! Jina yangu imekufa mu Erdington yote!"

Lakini halii. Anazoa mabaki sakafuni, anayaunga chapuchapu, anabandika mwezi juu yake. Mlingoti hana. Anachomoa mpini wa fagio la deki, anaifunga bendera hapo, anaiinua.

Mama Eudora anacheka mpaka machozi yanamtoka. Achieng anatafsiri: katika vita vile vya 1776 mzinga uliiangusha bendera ya ngome, kama hii, sajini mmoja akaruka nje ya ngome kuiokota, akaifunga kwenye mti wa kusafishia mizinga, akaisimamisha tena.

"Miaka yote nilitumia mlingoti wa dukani," anasema ajuza. "Leo ndiyo nimepata ule wenyewe."

Adhuhuri wageni wanaandamana barabarani ndani ya vizibao, wapita njia wakipiga makofi, mabasi yakipiga honi. Mama Eudora amekwisha kuagiza vingine vya mwakani. Mbele yao anatembea Immaculée, bendera mkononi, furaha ikimfurika.

"Mwaka kesho niko na boutique yangu," anasema, "na vitrine, ile dirisha ya vioo, kwa barabara. Watu waone."

Nyuma, mwenye duka, Mzee Chhotubhai aliyekulia Kisumu, anapaza sauti mlangoni. "Mama! Rudisha mpini wangu, samaki wamemwaga maji!"

"Ngoja, Papa!" anajibu bila kugeuka. "Hii ikianguka, na jina yangu inaanguka!"

Na anaiinua juu zaidi.