Bingwa Aliyetengenezwa Gisozi

Promota wangu hakuwahi kupigwa ngumi hata moja maishani mwake, na ungelijua hilo kabla hajafungua mdomo. Pua imenyooka, meno yote yapo, na maumivu aliyazungumzia kama mtu anayesifia chakula cha hoteli asiyowahi kuingia. Nilikuwa chini yake miaka minne. Ninamdharau mpaka leo, lakini sitasema alinidanganya. Macho nilikuwa nayo.

Nilikuwa napakua mbao Gisozi, mtaa wa maseremala hapa Kigali. Ngumi nilifundishwa na fundi viti mmoja, mzee aliyepigana Bujumbura enzi zake, mji nilikozaliwa na mimi. Alitufundisha nyuma ya karakana yake, miguu yetu ikizama kwenye maranda. Siku promota alipokuja kuagiza meza, alinikuta nimebeba ubao ambao kwa kawaida hubebwa na watu wawili. Hakuuliza kama najua kupigana. Aliuliza uzito.

"Kilo mia na nane," nikamwambia.

"Basi wewe iko bingwa tayari," akasema. "Hapa Kigali uzito wa juu hakuna mtu."

Alisema kweli, na akili yake yote iliishia hapo. Kwa kuwa wapinzani hawakuwepo, aliwaokota. Wa kwanza alitangazwa kuwa bingwa wa Lubumbashi. Alikuwa mlinzi wa baa, mwenye tumbo la kuegemezea glovu, na kwenye kona yake aliongea Kinyarwanda safi na kaka yake. Wa pili alikuwa dereva wa lori kutoka Masaka ambaye hakujua hata kuvaa kinga ya meno. Alishindwa nayo, akaitema, akaitazama. Wa tatu alianguka kabla ngumi yangu haijafika, akalala chali na kufumba macho kwa bidii kama mtoto anayejifanya amelala. Watazamaji wakasimama kunishangilia. Mezani mbele walikaa wenye tai, mgongo kwa ulingo, wakila broshete, mishikaki ya mbuzi. Wao ndio walioshangilia zaidi.

Baada ya pambano la sita nilivishwa mkanda. Mchomeleaji aliyeutengeneza alikuwa jirani wa karakana yetu, na wiki mbili kabla aliniita nikapimwe kiuno.

Mzee hakuja tena kwenye kona yangu. "Mwanangu, unapiga magodoro," aliniambia, akaendelea kupiga randa.

Nilimcheka. Ndiyo, kufikia hapo nilikuwa nimeamini. Nilizunguka mtaani kwetu Kagugu na ule mkanda begani ili watu waulize. Nyumbani maji yalipokatika, mama alibeba majerikani kutoka bombani akipanda kilima, nami nimekaa mlangoni. Nilimwambia mikono ya bingwa haichezewi. Akarudi bombani. Kati ya yote ninayoyadharau katika hadithi hii, yule mtu wa mlangoni ndiye wa kwanza.

Kisha akaletwa Mtanzania. Promota aliambiwa amekwisha: karibu miaka arobaini, ndevu zina mvi, miguu myembamba. Siku ya kupima uzito nilipita mbele yake bila salamu.

"Kaka," akasema taratibu, "kwetu mdogo humwamkia mkubwa, hata kama kesho atampiga."

Promota akacheka, na mimi nikacheka kwa sababu promota alicheka.

Raundi ya kwanza hakufanya kitu. Alinitazama tu, kama fundi anayetafuta ufa kwenye ubao. Ya pili akaingiza mkono wa kushoto chini ya mbavu, upande wa ini. Sikusikia maumivu mara moja. Miguu ilitangulia kujua. Nikajikuta nimepiga magoti. Nikainuka. Akanirudisha chini. Raundi ya nne niliinuka mara nyingine bila kujua ninaelekea kona ipi, na mtu wa kona yangu, shemeji yake promota, alikuwa anapiga picha kwa simu. Taulo ilirushwa na mzee wa karakana. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, sikujua kama alikuja, na alisukuma watu mpaka akafika ulingoni.

Katika chumba cha kubadilishia nguo promota hakuniuliza kama naona.

"Umenitia aibu," akasema. "Tutasema ulikuwa na malaria."

Mtanzania aliingia na bandeji bado mikononi. Akamuuliza mzee, "Huyu ni kijana wako?"

"Alikuwa," mzee akajibu.

"Mrudishe. Anajua kupiga. Ila hakuna aliyewahi kumpiga, na hapo ndipo alipoharibiwa."

Wiki iliyofuata promota alinipeleka redioni nikaeleze malaria yangu. Njiani alinifundisha maneno. Mtangazaji aliponiuliza homa ilinianza lini, nilisema sikuwa na homa, nilipigwa. Nikaongeza kwamba bingwa wa Lubumbashi yuko kazini, analinda baa, na anayetaka kumwona aende. Mtangazaji akaweka muziki haraka. Promota alitoka nje na hatukuzungumza tena kwa miaka.

Nilirudi kwenye maranda. Mzee alinifanya nipigwe na vijana wote waliokuwa wepesi kuliko mimi kwa miezi minane kabla hajaniruhusu kupanda ulingo. Baada ya hapo nilipigana mara tano, Bujumbura na Mwanza, na watu waliokuja kupigana. Nilishindwa tatu, nikashinda mbili. Ushindi wa Mwanza ulinigharimu meno mawili na raundi kumi, na mama, ambaye hakuwahi kuuliza habari za ule mkanda, aliniomba nimsimulie raundi moja moja. Kisha jicho la kushoto likaanza kuona ukungu na daktari akanikataza.

Mwaka huu nilipeleka makabati kwenye duka jipya Kagugu. Promota alikuwepo kwenye ufunguzi, mgeni wa heshima, amenenepa. Alinishika bega mbele ya watu.

"Huyu ni bingwa niliyemtengeneza mimi," akawaambia. "Inua mikono, tupige picha."

"Mikono ina kazi," nikamwambia. Nikamwomba asogee, kwa maana alikuwa amesimama mlangoni na kabati lilikuwa zito.