Siku Niliyovamia Darasa la Wageni

Uvumilivu uliniisha pale mlangoni, nilipochungulia kwenye kioo nikamwona Neema wangu kakaa na watoto waliotoka Kongo juzi tu, wanaofundishwa Kiingereza cha kuanzia. Neema! Kazaliwa hapa hapa Tottenham, kafaulu mtihani wa kuingia darasa la wenye alama za juu, na nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza.

Niliingia bila hodi, na sare yangu ya kutunzia wazee.

"Mmeona ngozi tu, mkamtupa huku!" nilimfokea mwalimu. "Alama zake hamzioni?"

Mwalimu alifungua mdomo, ila aliyenijibu ni Neema, tena kwa Kiswahili. Kilichechemea, lakini kilikuwa Kiswahili.

"Mama, acha, tafadhali. Mimi niliomba kuja kuwasaidia. Darasani kwangu mweusi ni mimi tu, hakuna anayeniongelesha. Hapa tunacheka. Na nyumbani wewe ukitoka kazini unalala tu."

Darasa zima lilinitazama. Nilitamani sakafu inimeze, mimi na sare yangu.

Binti mmoja akanivutia kiti, akaniambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo: "Karibu, mama, ikala."

Nikakaa. Tangu nihamie London sikumbuki nani mwingine aliwahi kunivutia kiti. Nilicheka nao mpaka kipindi kikaisha.

Wakati wa kutoka, mapokezi walinikumbusha malalamiko rasmi niliyowaapia kuyaandika nilipopita kwao. Nikayaandika, tena kwa hasira ile ile: kipindi hiki kipo mara moja tu kwa wiki, na wazazi hawaruhusiwi kuhudhuria.