Mpodo Usiozaa

Juzi, kule Giteranyi, niliona miche ya mipodo kwenye kitalu, na harufu ya majani yake ikanirudisha nyumbani Nyarusange, siku tuliyokuwa na msiba wa babu.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na mipodo miwili. Mmoja ulizaa vitunda ambavyo ndege walivigombania. Wa pili haukuzaa kitu. Mchana ule baba mdogo alikuja na msumeno, kwa sababu mbao za sanduku hazikupatikana.

"Iacheni, imekua pamoja," bibi alisema.

"Mama, mzee tumzike na mkeka? Nakata huu mvivu tu. Unaozaa nakuachia."

Mimi niliona ni haki kabisa. Msumeno ulilia mpaka jioni, na kama nakumbuka sawa, unga wa mbao ulinukia vizuri kuliko chakula cha msiba. Sisi watoto tuliupanda mti ulioanguka, tukaupiga mateke tukiimba, "Mvivu! Mvivu!"

Tangu hapo ule uliobaki haukuzaa tena. Nilidhani unamlilia babu. Baba mdogo simlaumu. Alichagua kwa alichojua, na labda hata mimi ningechagua hivyo.

Mwenye kitalu aliniuliza kama kwetu kuna mpodo mkubwa, maana mbegu zimekuwa shida. Nikamwambia upo, ulizaa zamani, kisha ukaacha.

"Huo ni jike, ndugu yangu. Peke yake hauwezi. Dume lake liko wapi?"

Nikamwambia tulimzika nalo babu.