Ninuse, Baba

Kaka yangu hajawahi kunywa pombe. Masuguru, mtaa wetu hapa Korogwe, iliamini vingine, na mtu aliyemwona akirudi nyumbani jioni ungepata shida kumbishia. Alipepesuka. Maneno yalimtoka mazito, yameshikana. Aliweza kugombana na jirani, kisha akamsalimia upya kama ndiyo kwanza wanaonana.

Alianza ngumi kabla mimi sijaanza shule. Alipigana Korogwe, Handeni, Tanga, popote palipofungwa ulingo, na tulimsifia jambo moja: haanguki. Sasa najiuliza tulikuwa tunasifia nini, maana asiyeanguka huendelea kupigwa. Daktari alituambia kwamba vipigo vya kichwa, hata vile vya mazoezini, vimeuumiza ubongo wake, na hautarudi kama ulivyokuwa. Nilimuuliza maswali mpaka akavua miwani akafikicha macho.

Habari hizo nilizirudisha nyumbani, ila maneno ya daktari hayatembei kama uvumi. Uvumi ulifika mpaka Handeni kwa wazazi wa shemeji yangu, wakulima wa Kizigua, watu wa swala tano. Asubuhi moja wakaja kumchukua binti yao. Hawakuzunguka. Baba yake alikataa hata chai.

"Tulimwozesha mwanamume," alisema. "Hatukumwozesha chupa."

Nilianza kueleza habari za ubongo. Mzee alinisikiliza kwa adabu.

"Kijana, umesomea udaktari?"

"Hapana, mzee. Uchumi."

"Sawa. Bei ya mahindi ikianguka tutakuita."

Shemeji alicheka huku machozi yanamtoka. "Baba, huyu nalala naye. Ningekosaje kujua harufu?"

"Mke humsitiri mumewe," mama yake akasema. "Kafunge nguo zako, mwanangu."

Shemeji hakuinuka. Aliyeinuka ni kaka, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka. Alikwenda kupiga magoti mbele ya mkwewe, karibu kabisa. Kwetu jambo hilo halifanyiki. Baba mkwe huheshimiwa kwa kupewa nafasi.

"Ninuse, baba," alisema, akafungua kinywa.

Mzee alijivuta nyuma, akamtazama mkewe. Mkewe akaangalia pembeni. Basi mzee akasogeza kofia yake, akainama, akanusa. Alinusa tena.

"Tangawizi," alisema.

"Ya chai uliyoikataa," shemeji akajibu.

Mzee akamshika kaka kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayepapasa tikiti. "Walikuwa wanakupiga wapi?"

Kaka alionyesha: hapa, hapa, na huku nyuma ya sikio.

"Huyu anaumwa," mzee akamwambia mkewe. "Mlevi tungezungumza mengine. Mgonjwa haachwi."

Nilijua kwamba tangawizi haithibitishi lolote kuhusu ubongo. Nilijua pia kuwa hakuna aliyemuuliza shemeji anataka nini, kwa hiyo baadaye nilimuuliza mimi, jikoni. "Nataka umenye viazi," alisema. "Kama ningetaka kuondoka, ungenikuta Handeni." Sijapata jibu bora kuliko hilo, na namshukuru kila siku, ingawa yeye husema shukrani zangu zina maelezo marefu mno.

Wazee walikula mchana, wakaaga. Kituo cha mabasi hakiko mbali. Nilibeba mfuko wa ndizi waliopewa, nikatangulia, halafu nikageuka kuona kwa nini wamechelewa. Mzee alikuwa amemshika kaka mkono, anatembea naye polepole katikati ya barabara, kaka akiyumba, na yeye akiyumba naye. Kwenye kila baraza yenye watu alisimama.

"Assalaam alaykum. Huyu ni mkwe wangu. Anaumwa kichwa, ngumi zile. Mkimwona amepotea njia, mrudisheni kwa binti yangu."

Basi la kwanza lilituacha. Tukasubiri lingine.