Mahari ya Kageha Ilipofika

Nilikuwa juu ya paa la ploti yetu ya ghorofa huko Pipeline, Nairobi, naanika sare za watoto, Laban aliponipigia simu.

"Shemeji Everline," alisema, "mke wangu ametutoka."

Nilishika kamba ya nguo. Kabla machozi hayajaja, nilijiuliza amelitoa wapi neno hilo, mke wangu. Dada yangu Kageha alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa figo, na Laban hakuwa amekanyaga wodi hata siku moja. Hospitali ilimpigia yeye kwa sababu namba yake ndiyo iliyokuwa kwenye kadi. Kageha hakuwahi kuibadilisha.

Walioana katika harusi ya pamoja kanisani kwetu Tassia, wamepangwa mstari na wenzao, keki moja kwa wote. Mahari haikuwa imetolewa. Laban alisema Mungu kwanza, ng'ombe baadaye, nasi tukapiga vigelegele. Alimtaka mkewe nyumbani, kwa hiyo Kageha akaacha kazi ya cherehani kiwandani Industrial Area, akalea watoto.

Kisha Laban akahamia kwa mwanamke mwingine na kupeleka kesi ya talaka. Kageha alidhani mwanamke akiachwa hana la kudai. Wakili wa msaada wa bure ndiye aliyemweleza kwamba mke asiye na kipato anaweza kuomba matunzo: korti inaweza kumwamuru mume amtunze kesi ikiendelea, na hata baada ya talaka, mpaka ajitegemee au aolewe tena.

Laban alisimama mbele ya hakimu amevaa suti ileile ya harusi.

"Mheshimiwa, huyu si mke wangu. Hakuna ng'ombe aliyetoka kwetu kwenda kwao."

Hakimu aliinua cheti cha ndoa. "Na saini hii ni ya nani? Ya ng'ombe?"

Watu walicheka. Laban akaamriwa kulipa kodi ya nyumba na chakula cha Kageha hadi kesi iishe.

Alilipa mwezi mmoja tu. Halafu akaja kwa Kageha Tassia siku ya ibada ya nyumbani, ameandamana na mzee wa kanisa. Alipiga magoti kwenye zulia la dada yangu, akalia. Alisema anataka kurudi, ila hawezi kulala nyumba moja na mtu anayemdai kortini. Mzee akafungua Wakorintho, pale Mtume anapowakemea ndugu wanaoshtakiana mbele ya wasioamini. Kageha alimwamini, kwa sababu aliapa akiwa ameweka mkono juu ya Biblia yake.

Wiki hiyo dada akaenda kuondoa ombi la matunzo. Laban hakurudi hata kuchukua viatu vyake. Kesi yake ya talaka hakuiondoa.

Kageha alirudi kwenye cherehani miguu ikiwa imevimba. Jumapili moja tulipotoka kanisani alinishika mkono.

"Eva, nikifa kabla ya talaka, Laban atakuja na jeneza zuri. Msimpe. Nizikeni kwa Mama."

"Wacha hayo, dada. Utapona."

"Mimi nimesema."

Alikuwa ameomba matunzo upya na kupewa tarehe. Alikufa kabla ya tarehe hiyo, bado mke wa Laban kisheria. Ombi lake lilikufa naye.

Kwetu Vihiga, mume asiyetoa mahari haruhusiwi kumchukua mkewe aliyekufa akamzike kwao mpaka alete ng'ombe. Laban alileta ng'ombe mmoja mnono, pamoja na wazee wa ukoo wake. Mama alikuwa ameketi chini karibu na mlango.

"Ulimkataa akila, Laban," Mama alisema. "Sasa hali tena, ndiyo unamtaka?"

"Mama, mambo ya korti ni ya Nairobi. Hapa ni nyumbani."

Nilimwita kando Baba Mdogo Luseno, anayesimamia boma tangu Baba afariki, nikamwambia wosia wa Kageha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na watoto? Mama yao akizikwa hapa, kesho ukoo wa Laban utawaambia hawana shamba kule. Utawapa wewe?"

"Lakini alisema, Baba Mdogo."

"Alisema, binti yangu. Lakini yeye anapumzika. Watoto ndio watakaofukuzwa."

Akaenda akaipokea kamba ya ng'ombe.

Tulimzika Jumamosi nyumbani kwa Laban. Jeneza lilikuwa zuri. Mzee yuleyule wa kanisa kutoka Tassia aliomba, kisha akamkaribisha mume. Laban alisema alimtunza Kageha hadi mwisho, na watu wakaitikia Amina. Watoto wake walitupa udongo, nami nikafuata. Nilimwomba Mungu ampokee dada yangu. Kwa Laban sikupata maneno. Chakula kilipoanza kugawiwa, Mama alifunga leso yake kiunoni, tukatoka langoni bila kula.