Madame Fortunée na Shafti Iliyokatika Mara Tatu

Katika shule yetu ya ufundi hapa Kalemie kuna mwalimu mmoja tu anayeingia darasani na sahani ya maharagwe. Jina lake Fortunée Kisimba. Wanafunzi wanamwita Madame, watu wa mtaa wa Kataki wanamwita Mama Fortunée. Mimi, Cyrille, nafundisha Kifaransa katika chumba cha pili. Ukuta ulio kati yetu ni mwembamba, kwa hiyo kwa miaka sita nimeyasikia masomo yake zaidi kuliko yangu mwenyewe.

Alizaliwa juu kule kwenye milima ya Moba, binti wa Papa Isidore, mfua majembe. Kaka zake watatu hawakuipenda kazi ya moto, yeye ndiye aliyekaa karibu na mivukuto akiuliza maswali. Kwa nini chuma cha spring ya lori kinakuwa jembe zuri, na cha pipa kinakunjika shambani siku ya kwanza? Baba yake alimjibu kwamba vyuma havifanani, basi. Jibu hilo halikumtosha. Alikwenda Lubumbashi kusoma umekanika, msichana peke yake katika darasa lao, na alipomaliza akakataa nafasi aliyopewa huko. Alirudi huku Kalemie, kando ya ziwa, kufundisha.

Somo lake la kwanza kila mwaka ni lile lile. Anaweka mezani chungu, beseni la plastiki, msumari na kipande cha ubao wa mtumbwi, halafu anauliza nini kinashikilia vitu hivi visimwagike kama unga. Wanafunzi wanacheka, kisha wanaanza kukisia. Ndipo anapoeleza kwamba kila kitu ni atomi, na atomi zinashikana kwa namna mbalimbali. Katika punje ya chumvi, atomi moja imetoa elektroni na jirani yake amepokea, kwa hiyo zinavutana sana. Lakini ukizigonga mstari ukasogea, zinazofanana zinakutana uso kwa uso, zinasukumana, na punje inapasuka. Udongo uliochomwa nao hauna nafasi ya kusogea, ndiyo maana chungu hakipindiki. Plastiki ni minyororo mirefu iliyolala pamoja, kila mnyororo una nguvu, ila mmoja na mwingine imeshikana kidogo, basi jua likipiga beseni linalegea. Ubao wa mtumbwi nao ni nyuzi zilizosimama upande mmoja, ndiyo maana unaupasua kwa urefu na si kwa upana. Chuma ni kitu kingine. Pale elektroni si za mtu mmoja, zinazunguka kwa wote, na atomi zinaweza kuteleza zikabaki zimeshikana.

Hapo ndipo maharagwe yanapoingia. Anayapanga kwenye sahani, safu kwa safu, yakigusana. Anatoa moja, inabaki nafasi tupu. Anatia punje ndogo ya mtama kati ya maharagwe, inayasukuma pembeni. Kisha anaingiza safu nusu, inayoanza ukingoni na kuishia katikati, na kwa kidole anaisukuma taratibu mpaka inatokea upande wa pili. Anawaambia kwamba chuma kinapindika kwa njia hiyo, safu moja moja, si zote kwa mara moja. Chuma kisicho na kasoro hata moja kingekuwa kigumu mno, wala mfua majembe asingeweza kukipa umbo kwa nyundo yake.

Mwaka juzi, maneno hayo yalitoka nje ya darasa.

Mama Arlette, mfanyabiashara aliyekuja kutoka pwani ya kaskazini, ana boti la mbao lenye mashine. Linapeleka abiria na mahindi kati ya hapa na Moba. Shafti yake, ile fimbo ya chuma inayozungusha pangaboi, ilikatika. Wilfried, fundi wa kuchomelea karibu na bandari, akaiunga. Ikakatika tena baada ya majuma mawili. Akaiunga tena, kwa uangalifu zaidi. Mara ya tatu ilikatika mbali na nchi kavu, boti likaelea siku nzima na watu arobaini ndani, mpaka wavuvi wakalivuta. Hakuna aliyekufa, lakini maneno yalianza. Wengine walisema boti limelogwa. Wengi walisema Wilfried mikono yake imekwisha. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ile, na sasa watu walipita mbele ya atelye yake, ile karakana ya bandarini, bila kusimama.

Fortunée alisikia habari hiyo kwa wanafunzi. Siku ya Jumamosi aliniomba nimsindikize, kwa sababu alijua mwanamke akiingia peke yake kwa fundi aliyekasirika, mazungumzo yatakuwa mafupi. Tulimkuta Mama Arlette yuko pale, amesimama na mikono kiunoni, anataka kuichukua shafti yake aipeleke kwa mwingine.

Fortunée aliomba kuviona vile vipande viwili. Alivigeuza kwenye mwanga kwa muda mrefu. Akatuonyesha: mahali palipokatika palimeta kama sukari, na hapakuwa na dalili yoyote ya kupindika. Tena palikuwa pembeni ya kiungo, upana wa kidole hivi. Kisha akamuuliza Wilfried anapomaliza kuchomelea anapoza namna gani.

Wilfried alijibu kwamba anamwagia maji ya ziwa, kama mafundi wote, kwa sababu mwenye boti anasubiri.

“Na shafti hii ilitengenezwa na nini?”

“Ekseli ya lori, Madame. Chuma nzuri sana, haiko ile ya mchezo.”

Fortunée akasema shida iko hapo hapo. Chuma cha ekseli kina kaboni nyingi kuliko cha nondo. Kikiwa chekundu, atomi za kaboni zinatembea ndani yake. Kikipoa polepole zinapata mahali pake. Kikimwagiwa maji zinanaswa katikati ya atomi za chuma, zinazibana, na safu haziwezi tena kuteleza. Kinakuwa kigumu kama chungu, na kama chungu, kinapasuka.

“Mimi nilianza kazi hii ungali kwenye benchi ya shule,” alisema Wilfried. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Fortunée hakubishana. Alimwomba kitu kimoja tu: akate vipande vinne kutoka ekseli nyingine ya aina ile ile, aviunge viwili viwili kwa mikono yake mwenyewe na bageti zake mwenyewe, zile fimbo za kuchomelea. Kiungo kimoja akipoze kama kawaida. Kingine akipashe moto kwanza juu ya makaa, achomelee kikiwa bado cha moto, halafu akifukie kwenye sanduku la majivu makavu mpaka kesho yake. Baba yake alikuwa akilaza majembe kwenye majivu, akaniambia baadaye, na yeye alihitaji miaka minne ya chuo kujua sababu. Wilfried alikubali, akawasha makaa siku ile ile.

Kesho yake, baada ya misa, nusu ya bandari ilikuwa pale. Wilfried alibana kiungo cha maji kwenye jiliwa akachukua nyundo kubwa. Pigo la kwanza, hakuna kitu. La pili, kipande kikaruka mpaka ukutani. Akabana kile cha majivu. Akapiga mara tano, mara kumi, jasho likimtoka. Kilipinda kama goti, hakikuachia.

Aliweka nyundo chini. Sisi wote tulikuwa tukingoja fundi aaibike mbele ya watu. Lakini Fortunée alichukua kipande kile kilichovunjika, akamwendea Mama Arlette, akamwonyesha kwa ukucha.

“Mama, angalia hapa. Kiungo chenyewe hakijafunguka, hata kidogo. Kilichokatika ni chuma cha pembeni. Mikono ya fundi huyu haina kosa. Tangu aiunge, shafti yako ilikatika mara mbili, na mara zote mbili kazi yake ilibaki nzima.”

Mama Arlette alikichukua, akakichunguza, akakirudisha. Kisha akamwambia Wilfried aanze kazi Jumatatu. Wilfried aligeuka akawa anapanga bageti zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa, na niliona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua gunia.

Boti lilipokuwa tayari, watu waliogopa kupanda. Fortunée alipanda wa kwanza, akakaa nyuma kabisa, juu ya ile shafti, na mkoba wake magotini. Wilfried akakaa kando yake. Walifika Moba salama, wakarudi salama, na mpaka leo ninapoandika haya shafti hiyo inafanya kazi. Kule Moba, Papa Isidore aliteremka kutoka mlimani kumlaki binti yake. Alipohadithiwa yote, aliwauliza abiria kama wanajua huyu ni mtoto wa nani, ingawa walikuwa wamekwisha kuambiwa.

Sasa mafundi wa bandarini wana masanduku ya majivu. Katika darasa la umekanika, ambalo lilikuwa na wasichana wawili, mwaka huu wako tisa. Na kila Alhamisi Wilfried anakuja shuleni kwetu akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Anawaonyesha wanafunzi namna ya kushika bageti, namna ya kusoma rangi ya chuma kwenye moto, mambo ambayo hayamo kitabuni. Anawaita wote “wanangu”. Fortunée anakaa benchi ya nyuma na daftari lake, anaandika. Juma lililopita alinyoosha mkono kuuliza swali, na Wilfried akamwambia angoje zamu yake.